Mtoto Anayefikicha Macho: Somo Kuhusu Konea Inayochongoka

Katika madarasa mengi ya Nyamache yuko mtoto ambaye macho yake hayatulii. Anayafikicha kwa kifundo cha ngumi asubuhi akiingia darasani, anayafikicha tena baada ya kucheza mpira wakati wa mapumziko, na usiku analalamika nyumbani kwamba yanawasha. Januari na Februari, vumbi linapotimka barabarani, hali huwa mbaya zaidi. Mzazi hununua dawa ya matone katika duka la dawa sokoni, macho yakatulia wiki mbili, kisha yakaanza tena. Mwaka unapita, wa pili unaingia. Mwalimu anamhamisha kutoka dawati la nyuma hadi la mbele kwa sababu haoni ubaoni vizuri. Anapimwa, anapewa miwani. Miezi sita baadaye miwani ile haimsaidii tena.

Mtoto wa namna hiyo huenda ana magonjwa mawili kwa pamoja. Wa kwanza ni mzio wa macho, ambao wengi huuita aleji. Wa pili ni ugonjwa wa konea uitwao keratokonasi, na huu ndio unaoiba uwezo wa kuona. Ule wa kwanza kila mtu anauona, kwa kuwa macho ni mekundu na yanawasha. Wa pili hauumi wala haubadilishi sura ya jicho mpaka uwe umekwenda mbali. Ndiyo sababu familia nyingi hutibu ule unaoonekana na kuukosa ule unaoharibu. Somo hili linawalenga wazazi, walimu na wahudumu wa afya ya jamii, ambao ndio wanaomwona mtoto kila siku kabla daktari yeyote hajamwona.

Konea inavyochongoka

Konea ni kile kioo angavu kilicho mbele kabisa ya jicho, mbele ya sehemu nyeusi. Upana wake ni milimita 11 hadi 12, na katikati unene wake ni kama nusu milimita tu. Haina mishipa ya damu, na ndiyo maana mwanga hupita bila kizuizi. Karibu thuluthi mbili za kazi ya kukusanya mwanga ili picha itokee sawasawa nyuma ya jicho hufanywa na konea. Lenzi iliyo ndani humalizia.

Nguvu ya konea inatokana na nyuzi za kolajeni zilizopangwa tabaka juu ya tabaka na kushikana, kama fito na kamba zinavyoshikilia ukuta wa nyumba ya udongo. Kamba zikilegea, ukuta hutokeza pale palipo dhaifu. Konea yenye keratokonasi hufanya vivyo hivyo. Mishikano ya nyuzi hulegea, konea hukonda, na ule msukumo wa kawaida wa maji yaliyo ndani ya jicho huipeleka mbele mpaka inachongoka kama pia, mara nyingi chini kidogo ya katikati. Mwanga unaopita kwenye uso wa namna hiyo hutawanyika. Mtoto huona herufi moja ikiwa na kivuli chake pembeni, au taa ya pikipiki usiku ikiwa imechanua miale pande zote.

Urithi una sehemu yake: mtoto mwenye ndugu au mzazi mwenye ugonjwa huu yuko katika hatari zaidi, na hivyo ndugu zake wote wapimwe hata kama hawalalamiki. Watoto wenye hali ya Down huupata zaidi ya wengine, jambo ambalo walimu wa vitengo vya elimu maalum wanafaa kulijua. Lakini kitu kinachoweza kuzuiwa nyumbani, bila gharama, ni kufikicha macho. Kila kifundo cha kidole kinapokandamiza jicho, nyuzi zile zilizokwisha kulegea huvutwa tena. Mtoto mwenye mzio anaweza kufanya hivyo mara nyingi sana kwa siku, na hata usingizini.

Ugonjwa huu usichanganywe na madhara ya surua au ya ukosefu wa vitamini A, ambayo huacha kovu jeupe kwenye konea ya mtoto mdogo. Huko chanjo na matone ya vitamini A ndiyo kinga. Sukuma wiki na malenge ni chakula kizuri kwa kila mtoto, ila havitanyoosha konea iliyochongoka.

Kwa nini miezi huhesabika

Keratokonasi huanza mara nyingi mtoto anapobalehe, na wengine huanza kabla ya hapo. Kwa mtu mzima wa miaka 35 au 40, konea huwa imekakamaa kwa umri, na ugonjwa hupunguza mwendo au husimama wenyewe. Konea ya mtoto bado ni laini. Badiliko ambalo kwa mtu mzima lingechukua miaka linaweza kutokea kwa mtoto kati ya muhula mmoja na mwingine.

Tena mtoto halalamiki. Ugonjwa kwa kawaida huathiri jicho moja kuliko jingine, na lile zuri hulibeba lile bovu kimyakimya. Mtoto aliyeanza kuona vibaya akiwa na miaka minane hudhani kila mtu huona hivyo. Anaposhindwa kunakili ubaoni huitwa mvivu au mtundu, na yeye mwenyewe hana la kujitetea.

Uzito wa muda ulipimwa Uingereza katika utafiti uitwao KERALINK, uliochapishwa mwaka 2021. Watafiti walichukua vijana 60 wa miaka 10 hadi 16 ambao konea zao zilikuwa zinaendelea kuchongoka. Nusu walipata matibabu ya kukaza konea, yanayoelezwa mbele, na nusu wakaendelea na miwani au lenzi za kuvaa jichoni peke yake. Baada ya miezi 18, ugonjwa ulikuwa umeendelea kwa vijana 2 waliotibiwa, yaani 7 kwa kila 100. Kwa wale ambao hawakutibiwa, uliendelea kwa 12, yaani 43 kwa kila 100. Hao walikuwa wakiangaliwa hospitalini kila mara.

Mzio utibiwe kwanza, tena vizuri

Mzio mkali wa macho wa utotoni huanza kwa kawaida kabla ya miaka 10 na huwapata wavulana zaidi. Dalili zake ni macho kuwasha sana, kuchukia mwanga, machozi, na ute mweupe unaovutika kama uzi, hasa asubuhi. Daktari akipindua kope ya juu huona vipele vikubwa. Kwa watoto wengi wa Afrika, ukingo wa konea huvimba na kuwa na rangi ya kahawia, na watu hudhani ni uchafu wa macho. Nchini Rwanda, ambako milima na mashamba hayatofautiani sana na ya Kisii, uchunguzi wa wanafunzi uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta mzio huu kwa watoto kama 4 katika kila 100. Kwa shule yenye wanafunzi 500, hesabu ya namna hiyo ni watoto 20.

Nyanya akisema, "Mwacheni, atakua yaishe," ana nusu ya ukweli. Mzio wenyewe mara nyingi hupungua baada ya kubalehe. Konea iliyochongoka katika miaka hiyo ya kungoja hairudi.

Matibabu ya mzio yana ngazi zake. Kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi, kikiwekwa juu ya macho yaliyofumbwa, hutuliza mwasho mara moja na hakigharimu kitu. Kofia yenye ukingo hupunguza jua na vumbi. Mtoto asikae karibu na moshi wa kuni jikoni. Kisha kuna matone ya kuzuia mzio, kama vile sodiamu kromoglikati au olopatadini, ambayo hutumiwa kila siku kwa miezi, hata siku ambazo macho hayawashi. Hapo ndipo wengi hukosea: dawa ya kuzuia hutiwa siku mbili, ikaonekana haifanyi kazi, ikaachwa.

Matone yanayofanya kazi kwa haraka ni yale yenye steroidi, kama deksamethasoni. Hayo ndiyo yanayopendwa sokoni kwa sababu jicho jekundu huwa jeupe kwa siku chache. Daktari wa macho huyatumia kwa muda mfupi na hupima presha ya jicho. Mzazi anayeyanunua mwenyewe chupa baada ya chupa anamweka mtoto katika hatari ya presha ya macho, ambayo huua mshipa wa kuona, na ya mtoto wa jicho. Wako watoto wanaofika hospitalini wakiwa wamepoteza uwezo wa kuona kwa dawa hiyo wala si kwa ugonjwa. Mzazi asome jina lililoandikwa kwenye chupa, na chupa tupu asiitupe. Aende nayo kliniki. Pale ambapo mzio haudhibitiki bila steroidi, daktari anaweza kuandika matone ya saiklosporini au takrolimasi.

Maziwa ya mama, maji ya majani yaliyokamuliwa, mkojo na asali visitiwe jichoni kamwe. Huleta vidonda vyenye vijidudu kwenye konea ambayo tayari ni nyembamba.

Jinsi ya kumtambua mtoto mapema

Mwalimu hahitaji mashine. Amtazame mtoto anayeinamisha kichwa upande mmoja akisoma, anayekunja macho kutazama ubao, anayeshika daftari karibu na pua, au anayeruka mistari. Amfunike jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, amwambie asome maandishi yaliyo mbali, kisha abadilishe jicho. Tofauti kubwa kati ya macho mawili inatosha kumwita mzazi. Dalili nyingine iko kwenye karatasi za miwani: namba zikibadilika sana ndani ya mwaka mmoja, hasa ile ya astigmatizimu, isichukuliwe kuwa ni mtoto anakua tu. Na ikiwa mtoto akitazama chini kope ya chini inasukumwa ikatokeza ncha, ugonjwa umeshakomaa.

Kwenye kliniki ya macho, mhudumu mwenye uzoefu humulika jicho kwa kifaa cha kupimia miwani na kuona mwanga ukifunguka na kufunga kama mkasi. Hiyo ni dalili nzuri ya mapema na haihitaji mashine kubwa. Uthibitisho hupatikana kwa mashine inayochora ramani ya konea na kupima unene wake kila mahali. Kipimo hakina maumivu. Mtoto huweka kidevu mahali pake na kutazama taa. Ramani ya kwanza ni ya thamani kubwa, kwani ya pili, baada ya miezi mitatu hivi, hulinganishwa nayo. Kwa mtoto ambaye tayari anaona vibaya, madaktari wengi hawangoji ramani ya pili ndipo watibu.

Matibabu ya kukaza konea

Mwaka 2003, Gregor Wollensak, Eberhard Spoerl na Theo Seiler wa Dresden, Ujerumani, walichapisha matokeo ya wagonjwa wa kwanza waliotibiwa kwa njia ambayo sasa hutumika duniani kote. Wazo lake ni rahisi: kama kamba zimelegea, zifungwe upya. Riboflavini, ambayo ni vitamini B2, hudondoshwa juu ya konea mpaka inywe ya kutosha. Kisha konea humulikwa kwa mwanga wa urujuanimno wa kiwango kilichopimwa. Mwanga huo ukikutana na vitamini hiyo huzalisha mishikano mipya kati ya nyuzi za kolajeni, na konea hukakamaa.

Kwa utaratibu wa Dresden, jicho hutiwa ganzi, ngozi laini ya juu ya konea hukwanguliwa, matone hudondoshwa kwa dakika 30, na mwanga humulikwa kwa dakika 30 nyingine. Siku hizi hospitali nyingi hutumia mwanga mkali zaidi kwa dakika chache, zikitoa kiasi kilekile cha nishati. Mtoto mkubwa anayeweza kutulia hutibiwa akiwa macho. Mdogo hulazwa kwa dawa ya usingizi. Mwishoni huwekewa lenzi laini kama bandeji, itakayotolewa baada ya siku tatu hadi tano ngozi ya juu ikishaota tena.

Mzazi aambiwe ukweli kabla ya kutia sahihi. Siku mbili tatu za kwanza zina maumivu, na mtoto atahitaji dawa ya kutuliza. Uwezo wa kuona unaweza kushuka kwa majuma kadhaa kabla ya kurudi pale ulipokuwa. Kuna hatari ndogo ya kidonda chenye vijidudu, na ndiyo sababu matone ya antibiotiki hayarukwi hata mara moja, na maji ya mtoni au ya kisima yasiingie jichoni katika majuma hayo. Zaidi ya yote, matibabu haya husimamisha ugonjwa, hayarudishi kilichopotea. Wako ambao konea zao hulainika kidogo baadaye wakaona afadhali, lakini hiyo si ahadi. Miwani bado itahitajika.

Kuna mpaka mwingine ambao wazazi wengi hawaambiwi. Utaratibu wa kawaida huhitaji konea yenye unene usiopungua mikroni 400, yaani milimita 0.4, baada ya ngozi ya juu kuondolewa. Konea nyembamba kuliko hiyo, mwanga unaweza kufika ndani na kuharibu seli za nyuma ambazo mwili hauzioteshi tena. Zipo njia za kuivimbisha konea kwa muda ili itibike, ila si kila mahali zinafanywa. Mtoto aliyezaliwa na nusu milimita ana akiba ndogo kiasi hicho tu kati ya jicho linaloweza kukazwa na jicho lililochelewa.

Na mtoto akiendelea kufikicha baada ya kutibiwa, ugonjwa unaweza kurudi. Madaktari hawapendi kukaza konea ya jicho ambalo bado linawaka kwa mzio. Kwanza mzio utulizwe, kisha mtoto atibiwe, kisha mzio uendelee kutibiwa. Baada ya hapo hupimwa kila baada ya miezi michache katika mwaka wa kwanza, na kila mwaka mpaka avuke umri wa ujana.

Ikiwa ugonjwa umekwenda mbali

Miwani inaposhindwa, lenzi ngumu za kuvaa jichoni huipa konea uso mpya ulio laini na huweza kurudisha kuona kwa kiwango cha kushangaza. Zinahitaji mikono safi, maji maalum ya kuzisafishia na mtoto anayewajibika. Kwa mtoto mwenye mzio mkali kuzivaa ni taabu.

Siku nyingine konea iliyokonda hupasuka kwa ndani, maji ya jicho yakaingia ndani yake. Jicho hugeuka jeupe ghafla, mara nyingi kwa maumivu na machozi. Huyo ni wa kufikishwa hospitalini siku hiyohiyo. Hali hiyo hupoa baada ya miezi, ikiacha kovu.

Kovu likiwa katikati, kinachobaki ni kupandikiza konea iliyotolewa na mtu aliyefariki. Kenya ina historia ndefu katika kazi hiyo. Mwaka 1996, David Yorston na wenzake walichapisha matokeo ya upandikizaji uliofanywa humu nchini, na keratokonasi ilikuwa sababu kubwa ya upasuaji huo. Konea za wagonjwa hao pia zilidumu kuliko za wagonjwa wengine. Hata hivyo, kwa mtoto mwili hukataa konea ya kigeni kwa urahisi zaidi, nyuzi za kushona hulegea mapema, na matone hutiwa kwa miaka. Konea za kupandikiza hazitoshi. Mtoto anayeishi mbali na Nairobi, ambaye jicho lake likiwa jekundu usiku linahitaji daktari kabla ya kesho jioni, yuko katika nafasi ngumu.

Safari kutoka Nyamache

Mzazi aanzie kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya kaunti ndogo hapo Nyamache, aombe barua ya rufaa kwenda kitengo cha macho cha Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Huko mzio hutibiwa na presha ya jicho hupimwa. Mashine za kukaza konea ziko katika hospitali chache, nyingi zikiwa Nairobi na viunga vyake, kwa hiyo rufaa ya pili huenda ikahitajika. Barua ya rufaa itaje wazi kwamba mtoto anashukiwa kuwa na keratokonasi na kwamba macho yake yanabadilika. Neno hilo ndilo litakalomtofautisha na foleni ya wanaosubiri miwani.

Familia ambayo haijajisajili na SHA ijisajili sasa kwa kupiga *147#, mtoto akiwa ameandikwa kama mtegemezi, na iulize hospitali mapema ni sehemu gani ya matibabu italipiwa. Nauli na malazi ya mzazi vipangwe kwa safari zaidi ya moja: kupima, kutibiwa, kutolewa lenzi ya bandeji, na kurudi kuangaliwa. Macho mawili yanaweza kutibiwa kwa nyakati tofauti.

Mzazi abebe kila karatasi ya kipimo aliyowahi kupewa, miwani ya zamani hata iliyovunjika, na chupa zote za matone. Daktari akiziweka mezani kwa kufuata tarehe, miwani ya Februari karibu na ile ya Agosti, ataona kasi ya ugonjwa kabla hata hajawasha mashine.